Niliingia, Aliingia

Babu yangu aliingia kwenye shimo la nungunungu akiwa na mkuki mfupi, kibatari, na kamba ya katani iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu. Nje alibaki rafiki yake ameshika ncha ya pili ya kamba. Makubaliano yao yalikuwa mepesi: ukivuta mara moja, nipo salama, ukivuta mara mbili, nitoe. Babu alitambaa kwa tumbo mpaka kibatari kikazimika kwa kukosa hewa, akaendelea gizani, akasikia miiba ikigongana mbele yake kama vijiti vikavu, akachoma. Kisha akavuta kamba mara mbili. Walitoka na nungunungu mkubwa, na nyama ililiwa siku mbili.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokulia nayo, katika kijiji kimoja upande wa Misasi, wilayani Misungwi. Kwa haki haikuwa yangu. Ilisimuliwa kwenye shikome, moto wa jioni unaowashwa karibu na zizi, ambapo wanaume na wavulana huota moto na kufundwa. Mimi nilikuwa msichana, mahali pangu palikuwa jikoni kwa bibi. Lakini kutoka jikoni hadi shikome zilikuwa hatua kumi na tano, na sauti ya babu haikuwahi kuheshimu mipaka ya jinsia.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: Wasukuma walikuwa na vyama vya wawindaji, na kila chama kilikuwa na nyimbo, dawa na ngoma zake. Bayeye walikuwa watu wa nyoka. Banunguli walikuwa watu wa nungunungu. Ukienda makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, utakuta habari zao, na mtafiti Mmarekani Frank Gunderson aliweka nyimbo za wawindaji hao ndani ya kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilichotoka mwaka 2010. Nyimbo za kazi: neno hilo nililipenda. Banunguli hawakwenda porini kutafuta ushujaa. Nungunungu hutoka usiku, huchimbua mihogo, viazi na karanga, na mchana hulala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga. Ukitaka mihogo yako ibaki, lazima mtu aingie.

Kinyume na watu wengi wanavyoamini, mnyama huyu harushi miiba. Anakugeuzia mgongo na kukurudia kinyumenyume. Babu alilisisitiza hilo kila mara, na kila mara mvulana mmoja alibisha.

Mwaka juzi nilikwenda kupanda milima ya Uluguru na kikundi cha vijana wa Dar es Salaam, wale wanaonunua viatu vya matope kwa bei ya mbuzi. Usiku tukawasha moto, na mazungumzo yakaangukia waandishi na mawindo, maana wengi wao ni wasomaji. Mmoja alikuwa mtu wa Hemingway na alikuwa na nakala ya Green Hills of Africa kwenye begi lake. Mwingine alimtetea Patterson na simba wake wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, ambao ngozi zao ziligeuzwa mazulia kabla ya kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago na kujazwa tena. Wa tatu akasema hao wote ni wazungu waliokuja kutupigia kelele porini, yeye mwandishi wake ni Kitereza. Tukabishana vizuri. Halafu wakanigeukia: Msukuma, na wewe je?

Nikawasimulia shimo. Kibatari, giza, miiba, kamba. Nilijua mahali pa kushusha sauti. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha wakapiga makofi, na yule wa Hemingway akasema hiyo ni bora kuliko chochote kilichomo kwenye kitabu chake. Nililala nikitabasamu. Miezi miwili baadaye nilimpelekea msimamizi wangu wa shahada ya umahiri pendekezo la tasnifu kuhusu masimulizi ya mawindo ya Wasukuma, na babu akiwa msimulizi wangu mkuu.

Kabla ya kwenda nyumbani nilisoma vile vitabu, kwa kuwa utafiti lazima uwe na mapitio. Green Hills of Africa kilitoka mwaka 1935, na kinahusu safari ya mawindo ambayo Hemingway alifanya Tanganyika kati ya mwisho wa 1933 na mwanzo wa 1934. Mwanzoni kabisa anadai kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, kuona kama ukweli unaweza kushindana na ubunifu. Nilikuwa tayari kumchukia, lakini sikuweza moja kwa moja. Anakiri wivu wake kwa rafiki anayepata tandala mwenye pembe kubwa kuliko wake. Wawindaji wachache huandika hivyo. Babu yangu, nakumbuka nilifikiri wakati ule, hajawahi kukiri kitu kama hicho.

Ila kuna jambo linalosumbua. Wanaoona wanyama katika kitabu kile ni Waafrika. Wao ndio wanaosoma nyayo, wanaojua upepo unatoka wapi, wanaosema subiri na wanaosema sasa. Hemingway analijua hilo na analiandika. Mmoja wao, M'Cola, anamheshimu kwa dhati. Lakini mwingine anambatiza Droopy kwa sababu ya kope zake zilizolegea, na mwingine, ambaye alimchoka kwa maringo yake, anamwita Garrick, jina la mwigizaji maarufu wa Kiingereza wa karne ya 18. Mtu huyo alikuwa na jina. Mama yake alimpa. Tumebaki na la dharau, na sasa limechapishwa kwa lugha nyingi za dunia.

Roosevelt ni mfano rahisi zaidi, karibu wa kuchekesha. Alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na mwanawe Kermit, waliua wanyama 512 kati yao wawili, na kitabu chake kinawaorodhesha kwa aina, nani kaua wangapi. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Hao hawakutengenezewa jedwali.

Nilibeba hoja hii kifua mbele. Tasnifu yangu, nilijiambia, itaonyesha tofauti: kwao, simulizi ya mawindo ni ya mtu mmoja anayesimama juu ya mgongo wa wengine; kwetu, simulizi ni ya kamba yenye ncha mbili. Nilishaiandika sentensi hiyo. Niliipenda mno.

Juni iliyopita nilirudi nyumbani. Barabara ya Shinyanga, kisha bodaboda, kisha mguu. Babu ana umri unaozidi miaka themanini na sikio moja limechoka, lakini nilipompa shikamoo alinitambua kwa sauti. Nilimweleza kazi yangu, nikaweka simu juu ya kigoda, nikabonyeza kurekodi. Alisimulia kwa Kisukuma, dakika ishirini na sita, akiwa amefumba macho.

Nilikaa siku tatu nikinukuu neno kwa neno. Kunukuu ni kazi ya kuchosha, na inakulazimisha kusikia. Siku ya pili nikaanza kuona kitu. Ndani ya shimo, hadithi ya babu ilikuwa ya jumla: giza, joto, harufu. Maneno matatu yaleyale niliyoyajua tangu utoto. Lakini kila ilipofika kwenye kamba, ilipata macho. Alieleza jinsi katani ilivyokuwa na unyevu. Alieleza jinsi ilivyopita kati ya kidole gumba na cha shahada, inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Alisema ilikuwa ikimchubua kiganja.

Mtu aliyefungwa kamba mguuni haichubui kiganja chake.

Nilimwuliza bibi, tukiwa tunachambua mchicha. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: hivi siku ile ya nungunungu, nani aliingia? Bibi hakuinua kichwa. Akasema, "Kumbe hujui? Babu yako alikuwa nje."

Aliyeingia alikuwa rafiki yake. Mvua zilikuwa zimenyesha, udongo ulikuwa mzito. Kamba ilikwenda, ikasimama, ikavutwa mara moja. Halafu ardhi ikashuka. Babu alivuta mpaka ikamkata mkono, kisha akakimbia kuita watu, wakachimba kwa majembe usiku kucha. Asubuhi walimkuta amelala kifudifudi na mkuki mikononi, na mbele yake nungunungu aliyechomwa, amekufa. Kwa hiyo kweli aliua. Nyama hakuna aliyekula.

Alikuwa hajaoa. Walimzika kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake. Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, mwaka 1974, watu wakahamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwekwa pamoja kando ya barabara, na familia yake ikapangiwa kijiji kingine. Kaburi likabaki kwenye mahame. Na mahali fulani kati ya kuhama na kuzoea, bibi hakumbuki lini hasa, babu akaanza kuisimulia kwa "mimi".

Jina la rafiki yule ninalo. Sitaliandika hapa, kwa sababu nitakazozieleza. Najua nimetoka kumlaumu Hemingway kwa majina.

Nataka niwe mwaminifu kuhusu nilichohisi, maana hakikuwa cha heshima. Kwanza nilifikiri tasnifu. Nikaona hoja yangu ya kamba yenye ncha mbili ikianguka kama lile shimo. Baada ya hapo nikakumbuka Uluguru, yale makofi, na usingizi wangu wa kutabasamu. Huruma kwa marehemu ilikuja ya tatu.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akichukua tendo la mwingine aliyekufa na kulisimulia kama lake, amefanya nini? Jibu la haraka ni kwamba ameiba. Na wizi wa hadithi si jambo la kinadharia kwetu, kwa sababu hadithi ya mawindo hulipwa. Huko Katavi na Rukwa, ambako Wasukuma wengi walihamia na ng'ombe wao, kijana aliyeua simba kwa kulinda mifugo alikuwa na haki ya kuvaa na kucheza kutoka mji hadi mji, na ndugu na majirani wakamtuza, hata ng'ombe. Watafiti wa huko wameandika jinsi zawadi ilivyoanza kuvuta tendo: vijana wakatoka kumtafuta simba ambaye hakuwa amemgusa ndama wa mtu, na baadhi ya vijiji vikalazimika kutunga sheria ndogo kuzuia ngoma hiyo. Simulizi iliyotakiwa kufuata mawindo ikatangulia mbele yake. Mfikiri Mhispania Ortega y Gasset aliandika mwaka 1942 kwamba mwindaji wa kweli hawindi ili aue, bali huua ili awe amewinda. Nilipomtafsiria babu wazo hilo, kabla mambo hayajaharibika, aliuliza, "Sasa huyo mihogo yake nani anailinda?" Lakini ukiliangalia vizuri, wazo la Ortega linamhusu babu kuliko alivyodhani. Ana kuwinda kote bila kuua. Alipata heshima ya shikome kwa miaka hamsini, alipata pombe ya kwanza kwenye mtungi, alipata wajukuu wanaomtazama kwa macho makubwa. Alikula, hata kama siyo nyama.

Jibu la pili nilipewa na bibi, na sikulitaka. Alisema yule kijana hakuacha mtoto. Asiye na mtoto hatajwi. Babu yako, akasema, alimpa mdomo.

Nimelizungusha jibu hilo kwa miezi. Kuna ukweli ndani yake ambao maadili ya chuoni hayana pa kuuweka. Kama babu angenyamaza, kama wengi walivyonyamaza, tendo lile lingekwisha na kizazi kilichochimba. Watoto wa kijiji chetu wasingejua kwamba kuna mtu aliwahi kutambaa gizani kwa ajili ya mihogo. Katika hadithi ya babu yule kijana anatoka shimoni kila jioni. Ananyanyuka, anajipangusa udongo, anakula.

Lakini anatoka na uso wa mtu mwingine. Hapo ndipo ninapokwama. Droopy amenyang'anywa jina na kubaki na tendo: msomaji yeyote wa Hemingway anajua kwamba mtu yule aliona nyayo. Rafiki wa babu amenyang'anywa vyote viwili, na aliyemnyang'anya alimpenda. Sijui kama upendo unapunguza deni au unaliongeza. Ninaelekea kwenye kuongeza, kwa sababu Hemingway hakuwa na wajibu wa kumlilia mtu yeyote Babati, ila babu alikuwa na kamba mkononi.

Kiswahili kinafanya jambo hili kuwa jepesi kiasi cha kutisha. Niliingia, aliingia. Mtendaji amebebwa na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na Kisukuma nacho kinamweka palepale. Hakuna haja ya kutunga uongo mrefu. Unabadilisha kipande kidogo cha mbele na kila kitu kingine kinabaki kweli.

Mwishowe nilimwuliza mwenyewe. Nilichelewesha mpaka siku ya nne, kwa sababu mjukuu hamwulizi babu swali kama hilo, na kwa sababu niliogopa kuharibu kitu kilichonilea. Nilisema, "Babu, nimesikiliza kamba."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani sikio halikusikia. Kisha akasema, "Nikisema yeye, wanauliza alikufaje. Nikisema mimi, wanauliza aliuaje."

Hakuongeza. Aliomba maji.

Chuo kina fomu ya ridhaa. Ina mahali pa jina la msimulizi, sahihi au alama ya dole gumba, na sanduku la kuweka vema kama anakubali jina lake litumike. Nilimsomea. Alikubali yote, akapaka wino, akakandamiza. Kisha akaitazama karatasi na kuuliza yule mwingine ataweka wapi chake. Nilimwambia fomu ina nafasi ya mtu mmoja.

Karatasi hiyo bado iko kwenye faili langu. Sijaiambatisha. Msimamizi wangu anasema niandike tanbihi, na kitaaluma ana haki. Ila nilijua kuna watu wanaostahili kusikia kabla ya tanbihi. Dada wa marehemu yu hai, mdogo wake, mwanamke mzee sana anayeishi na mjukuu wake ambaye ni dereva wa bodaboda pale Misungwi mjini. Kijana huyo namfahamu. Alipokuwa mdogo aliletwa kwetu kuchunga ng'ombe likizo mbili, na aliota moto kwenye shikome ya babu. Alikuwa miongoni mwa wale waliobisha kuhusu miiba.

Nilimwambia stendi, kelele za mabasi ya Mwanza zikitufunika. Alinisikiliza akiwa amekalia pikipiki, ufunguo mkononi. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo dada, ile ya kamba ni ya kwetu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, sikujua kwa hasira au kwa mshangao, akaenda na abiria. Jioni alinipigia. Alisema bibi yake anajua kwamba kaka yake alifia shimoni, hilo hakuna aliyemficha, ila hajawahi kusikia kwamba inasimuliwa. Anataka kuisikia. Kwa mdomo wa babu, siyo kwenye simu yangu. Kuhusu jina, akasema, tusubiri aamue yeye.

Walikuja Jumapili, wawili kwenye pikipiki, bibi kizee amekaa upande na kitenge kimefungwa kichwani. Bibi yangu alimtandikia mkeka, akampa uji. Babu alitoka amevaa koti. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watu ambao wengi wao wamekufa. Sikuweka simu kwenye kigoda. Nilikaa kwenye mlango wa jiko, mahali pangu pa zamani.

Babu akafumba macho. Akasema, "Niliingia," akasimama. Akafumbua, akamtazama yule mwanamke, akaanza tena, "Aliingia."

Akaenda vizuri. Alitaja mvua, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake. Alitaja jina. Alieleza kamba, jinsi ilivyokwenda na kusimama. Kisha akafika gizani, kwenye miiba, na pale ulimi ukarudi njia yake ya miaka hamsini, akasema nikasikia, nikanyanyua mkuki, nikachoma. Mjukuu aliinua kichwa kunitazama. Bibi kizee alikuwa ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili, hajanywa. Hakumsahihisha.